Kauntabuku la Pili

Mhina, nasikia umenunua kauntabuku jipya,
kwaya tatu, jalada jekundu,
na kwamba Jumamosi baada ya isha
unaanza kuandika sheria upya.
Lile la kwanza lilikunywa chai ya Saumu,
kurasa za majoka zimegandana,
hatujui tena joka la kijani linatema nini.
Basi nami naleta yangu, kabla hujachovya kalamu.

Kwanza, mizigo.
Najua kazi yako ni mizani ya bandarini,
gunia halipiti mbele yako bila kuandikwa.
Lakini mle pangoni, Mhina,
upanga kilo mbili, kamba kilo na robo,
mkate nusu, mwenge nusu,
saa nzima tunajumlisha
na zimwi lenyewe limesimama mlangoni
linasubiri kama mteja mwenye adabu.
Andika hivi: mtu hubeba anachoweza kubeba.
Anayebisha ashuke hapo chini, Barabara ya Kumi na Mbili,
amtazame muuza mkaa na baiskeli yake.

Uchawi nao.
Eti mchawi akishalitamka neno lake
linamtoka kichwani mpaka alale.
Nani kakwambia?
Bibi yangu wa Pongwe alikuwa na dua moja ya jino,
aliisoma asubuhi, akaisoma mchana, akaisoma usiku,
haikupungua hata herufi.
Kinachopungua ni pumzi.
Mtoze pumzi.

Saumu hatasema mwenyewe, nasema mimi.
Anashinda wodini Bombo akifunga vidonda vya watu,
akija kwetu tunampa tabibu,
na kila zamu yake inaishia kwenye jeraha la mwenziwe.
Miaka miwili hajapiga hata panya.
Atibu na apige, vyote kwa zamu moja.
Siku ile alipoomba shoka tulicheka.
Yeye hakucheka.

Na mazimwi, mbona yote mabaya toka ukurasa wa kwanza?
Liwepo hata moja
la kuulizwa habari za nyumbani.

Dadu usiibadilishe.
Pande ishirini za mninga, mkono wa fundi Semkiwa,
sote twajua inapenda saba.
Saba yake tumeizoea kama kigugumizi cha rafiki.

Hili la mwisho limenichukua wiki nzima.
Hatuna sheria ya dadu iliyoegemea.

Usiku ule umeme ulikatika, unakumbuka,
tukacheza kwa tochi ya simu ya Kihiyo.
Mwizi wa Chambuso, Nyayo Haba,
ananing'inia juu ya shimo, ncha ya kamba ninayo mimi.
Ukasema: kumi na tano kwenda juu, kamba inashika.
Nikarusha.
Dadu ikagonga kikombe cha kahawa
ikasimama kwa ukingo, imelala ubavu,
huku kumi na saba, huku tatu.
Aliyekuwa upande ule ni mimi peke yangu.
Na Chambuso alikuwa amenisimanga jioni nzima
kwa deni la mnyororo wa baiskeli.
Nikasema, tatu.

Miezi kumi na minne ya Nyayo Haba ikaenda shimoni.
Ukachana ukurasa wake, ndivyo sheria ilivyosema.
Chambuso akauokota, akaukunja mara nne,
akautia mfuko wa shati.
Tukasikia kengele yake pale kona, mara moja.
Siku hizi magurudumu anajazia Makorora.

Andika basi, kwa mwandiko wako ule wa stakabadhi:
dadu ikiegemea, irushwe tena
mbele ya wote, taa ikiwaka.
Na chini yake ongeza mstari mmoja,
kwamba sheria hii inarudi nyuma
miezi mitano.
Usiandike kwa nini. Akisoma atajua.

Jana nimemlipa mnyororo wake.
Alihesabu mara mbili, akasema zimezidi.
Nikamwambia, weka tu.